Anza na Choo

Mwezi wa 8 ukiingia, komini yetu ya Kenya huvaa nguo mpya. (Kenya hii ni ya Lubumbashi, yenye soko lake na uwanja wa Kibassa Maliba. Ndugu zetu wa Nairobi wasiitafute kwao.) Kutoka ukuta hadi ukuta vitambaa vinaning'inia juu ya njia: shule fulani inaandikisha, materneli, primeri na sekondari, Kifaransa na Kiingereza, kompyuta, basi la kuwachukua watoto. Rangi ya ukuta bado inanukia. Mwenye shule, promotere, amesimama mlangoni mwenyewe, na sekretari wake amefungua daftari ambalo halijaandikwa jina hata moja.

Mzazi mwenzangu, siku hiyo usiingie. Andika namba ya simu, nunua nyanya zako sokoni, rudi nyumbani.

Nimeandikisha watoto 4 katika masomo, maana huku kwetu shule tunaiita masomo, na mara 2 nilichagua vibaya, watoto wakalipa. Haya nitakayokuelekeza yanaweza kukuchekesha. Cheka, lakini yafanye. Mimi nimeyafanya yote, hata lile la kusimama njiani saa 3 asubuhi nikihesabu watoto wa watu.

Shule ya Agosti ni shule tupu. Haina kelele, haina harufu, haina mwalimu aliyechoka, na chumba kinachoonekana kikubwa kitakuwa na watoto 60 ifikapo Oktoba. Nenda mwezi wa 1 au wa 2, kwa ajili ya mwaka unaokuja, na ukiweza nenda mvua inaponyesha. Simama kwenye baraza kama mtu aliyekimbilia kujificha. Bati la Lubumbashi likipigwa na mvua ya Januari, mwalimu hufanya moja kati ya mambo mawili: ananyamaza na kungoja, au anaandika ubaoni na kupita kati ya madawati akionyesha kwa kidole. Wa pili huyo mkumbuke. Tazama na maji yanapita wapi, kwa kuwa kuna madarasa ambayo mvua ikianza mabegi yote hupanda juu ya meza bila mtu kuamuru. Watoto wamezoea.

Sasa ingia ofisini. Salimia, keti, pokea maji ukipewa, kisha sema umebanwa. Usiombe kuonyeshwa choo. Omba kwenda choo. Wakikupa ufunguo uliofungwa kwenye kijiti na kukupeleka nyuma ya ofisi, shukuru, ni choo cha ba prefe, mkuu wa shule. Ukitoka, uliza watoto wanakwenda wapi, uende huko pia.

Hesabu matundu, kisha hesabu madarasa. Sukuma mlango uone kama una kitasa kwa ndani, kwa sababu msichana aliyeanza hedhi hawezi kukaa shuleni kutwa ikiwa mlango unashikiliwa na rafiki yake kwa nje. Atabaki nyumbani siku 4 kila mwezi, nawe utaandikiwa kwenye buletini ya matokeo kwamba mtoto ni mvivu. Tafuta maji. Kama kuna bomba la Regideso, lifungue, kwa maana bomba si maji. Kama kuna kisima, tembea kutoka kisimani hadi shimo la choo ukihesabu hatua. Kipindupindu si mgeni katika mji huu, na kinapokuja hakiulizi minervali, ada ya shule, ni dola ngapi.

Naanza na choo kwa sababu ndicho chumba ambacho mwenye shule hatarajii mzazi akione. Lango kila mpita njia huliona, ofisi huonwa na kila anayelipa, kompyuta huonyeshwa inspekta. Pesa iliyofika chooni ilitumwa huko na mtu aliyemfikiria mtoto.

Baada ya hapo ndipo uombe karatasi. Na hapa lazima nikurudishe nyuma kidogo, kwa kuwa shule za watu binafsi tulizo nazo zina umri mdogo kuliko wengi wetu. Wasalesiani walifika Elisabethville mwaka 1911, mji ukiwa na mwaka mmoja tu, na kwa miaka mingi masomo yalikuwa ya mapadri, ya masista, ya serikali na ya makampuni. Mwaka 1974 Mobutu akazichukua shule za makanisa zikawa za serikali. Februari 1977 akakubali kuandikiana mkataba na makanisa yarudi kuziendesha, na kutoka hapo tuna zile tunazoziita konvansione. Sheria ya elimu ya Septemba 1986 ndiyo iliyomfungulia mlango mtu binafsi. Kisha miaka ya 1990 ikatuangukia. Mshahara wa mwalimu ukawa hautoshi hata makaa ya kupikia, walimu wakagoma, na wazazi wakaanza kuchanga wenyewe ile tuliyoiita prime ya motivasyo, ambayo ilikusudiwa kuwa ya muda. Kampuni ya migodi ya Gécamines iliyokuwa ikisomesha watoto wa wafanyakazi wake ikapinda mgongo, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa mpango uliopewa jina la hiari. Baba aliyekuwa hajui bei ya daftari, kwa sababu kampuni ilikuwa ikilijua kwa niaba yake, akajikuta anatafuta shule peke yake. Na jirani mwenye kiwanja na matofali akaona kazi ya kufanya.

Sisemi hivyo kuwadharau. Baadhi ya matofali hayo yaliwaokoa watoto wetu. Nasema hivyo ili ujue kwa nini kibali kina uzito. Serikali hutoa kibali kwa shule kwa kuangalia ngazi na opsyo: primeri ni jambo moja, pedagojia ni lingine, sayansi lingine. Ubao wa nje unaweza kusema shule imekubaliwa na ikawa kweli, lakini imekubaliwa kwa primeri tu. Omba uonyeshwe arete ya waziri yenye namba na tarehe, na uiandike kwa mkono wako mwenyewe, polepole, mbele yao. Andika pia yanayofuata namba, ile mistari midogo inayotaja opsyo. Mwenye karatasi atakusubiri umalize. Asiyekuwa nayo ataanza kukuambia habari za nduguye aliyeko Kinshasa.

Mtoto wa kwanza wa mdogo wangu alisoma miaka 5 katika shule moja ya hapa mjini ambayo sitaitaja. Alipofika mwaka wa mwisho wa humanite, ngazi ya juu ya sekondari, ndipo ilipojulikana kwamba opsyo yao haikuwa na kibali. Wanafunzi wakaandikishwa mtihani kwa jina la shule nyingine, katika komini nyingine, mahali ambapo hawajawahi kukaa hata siku moja. Jina lake likakosewa, na namba haikulingana na faili. Mjomba wake alihangaika kutoka ofisi hadi ofisi akiwa na buletini mikononi, na kila ofisi ikampa ofisi nyingine. Msichana alipoteza mwaka mzima. Tangu hapo, kila ninapoandikisha mtoto, nauliza pia namba yake ya SERNIE, ile inayomtambulisha mwanafunzi kokote aendako, na siondoki kabla ya kuambiwa inatoka lini.

Halafu zile asilimia. Karibu kila kitambaa kinasema 100% kwenye Exetat. Tumefanya Mtihani huo wa Taifa tangu 1967, na kila mtaa umeona watoto wakimwagiwa poda nyeupe kichwani na usoni siku ya matokeo, mama zao wakicheza barabarani. Hakuna furaha inayonipendeza kuliko hiyo. Kwa hiyo asilimia hiyo isikilize kama shabiki wa Mazembe anavyomsikiliza wa Lupopo, kwa adabu na kwa maswali. Mia kwa mia ya wangapi? Tuseme waliofanya mtihani ni 14. Walioanza mwaka wa 3 wa humanite walikuwa 41. Wale 27 wako wapi? Kuna shule inayohamisha kila mtoto dhaifu mwaka mmoja kabla ya mtihani ili kitambaa kibaki safi, na mtoto huyo dhaifu anaweza kuwa wako. Muulize ba prefe waziwazi: mtoto akishindwa hesabu mwezi wa 11, mnamfanyia nini? Nyamaza umwache ajibu. Ukisikia habari za malipo ya kuwashughulikia wasimamizi siku ya mtihani, simama, chukua mkoba wako, uage vizuri. Diploma ya namna hiyo mtoto ataibeba hadi chuo kikuu, na huko Kasapa watamfungua kama chupa tupu.

Kuhusu kompyuta, uliza tu umeme wa SNEL ukikatika wanafanyaje. Inatosha.

Bei sasa. Usiulize minervali ni ngapi. Uliza mwaka mzima unagharimu ngapi, toka siku ya kwanza hadi kupokea buletini ya mwisho, na mwombe sekretari aandike: kuandikishwa, sare ambayo lazima inunuliwe hapo hapo, karatasi za interogasyo, buletini yenyewe, ada ya mtihani, sherehe ya watoto wa materneli wanaovalishwa joho na kofia ya profesa wakiwa na miaka 5. Uliza kama inalipwa kwa dola au kwa franka, na kama ni franka, kwa bei ya siku gani. Nimeona mama akija na pesa kamili aliyoihesabu usiku, akakosa kidogo kwa sababu dola ilipanda asubuhi, akarudi na mtoto wake mkononi.

Hapo tumefika njiani. Chagua Jumatatu ya katikati ya mwezi, saa 3 asubuhi, simama kwenye avenyu ambayo watoto wa shule ile hupita. Nunua kitu usionekane mpelelezi. Hesabu watoto wa sare ya bluu na nyeupe wanaorudi nyumbani saa ambayo wangepaswa kuwa darasani. Hao wamefukuzwa kwa ajili ya pesa. Watazame wanavyotembea, kwani mtoto aliyefukuzwa mara ya kwanza huenda haraka akiwa ameinamisha kichwa, na aliyefukuzwa mara nyingi hucheza njiani hadi saa 6 ili mama asijue. Deni ni la mzazi, na mtoto wa miaka 8 hana mshahara. Shule inayomsomesha huku ikimwita baba yake ofisini, ikakubali alipe nusu leo na nusu mwisho wa mwezi, hiyo ipo, nimeiona, na mwenye shule huyo halali njaa. Uliza mapema: nikichelewa wiki 2 itakuwaje? Jibu la swali hili lina thamani kuliko kompyuta zao zote.

Na pesa hiyo inafika wapi? Hili ndilo ningependa ulikumbuke hata ukisahau choo. Unalipa ili mwalimu awepo. Mwalimu yule yule, Septemba hadi Julai, anayejua kwamba mwanao anachanganya b na d, na kwamba Ijumaa huwa hajala. Shule inaweza kuwa na marumaru na basi, na mwalimu wa darasa la tatu akabadilishwa mara 3 kwa mwaka kwa sababu analipwa kidogo, au kwa kuchelewa, au halipwi kabisa mwezi wa likizo. Kila anayekuja anaanza upya na kitabu ukurasa wa kwanza. Watoto wanajua ukurasa huo kwa moyo na hawajui wa ishirini.

Kwa hiyo nenda tena, mara hii tarehe 5 au 6 ya mwezi, saa ya kutoka. Umngoje mwalimu nje ya lango, mbali kidogo, umsalimie kwa heshima yake yote. Usimuulize anapata ngapi. Hilo ni la nyumbani kwake. Muulize: mwalimu, uko hapa tangu mwaka gani? Wenzako ulioanza nao wako? Mwezi uliopita ulikwenda vizuri? Akicheka na kutazama njia, umejibiwa. Tazama viatu vyake pia, lakini kwa upendo, maana vumbi letu jekundu halimwachi mtu. Ninachotazama ni kama anatembea kama mtu anayekwenda kupumzika au kama mtu anayekimbilia kazi ya pili. Mwalimu mwenye darasa la asubuhi hapa, la mchana kule Katuba, na shamba Jumamosi, hatasahihisha madaftari, na hatuwezi kumlaumu. Omba kuona daftari la mtoto yeyote. Wino mwekundu wa mwalimu ndio risiti yako.

Mtu ataniambia: basi kwa nini nilipe, wakati tangu Septemba 2019 primeri ya serikali ni bure, na katiba ilikuwa imeshasema hivyo tangu 2006? Ni swali la haki, na nakuomba uende huko kwanza. Bure ile iliwaingiza darasani watoto wengi waliokuwa wakiuza maji sokoni, na nafurahi kila nikiwaona. Iliwakusanya pia 4 na 5 kwenye dawati moja, mwalimu mmoja mbele ya umati. Lakini shule hazifanani. Kuna konvansione zenye direktere mkali mwenye moyo, zenye walimu waliozeeka hapo, ambazo zinashinda nyingi zenye vitambaa. Fanya yote yale yale: choo, mvua, njia, daftari. Ukikuta inashinda, weka pesa yako ya minervali kwenye maziwa, vitabu, na taa ya kusomea. Mtoto hatakuwa mdogo kwa sababu hakulipiwa.

Nakuja kwenye Kifaransa, jambo linalotugawanya hata nyumbani. Wazazi wengi huchagua shule inayomkataza mtoto Kiswahili langoni. Naelewa, mimi pia nilidhani hivyo. Wengine hata wanavuka Kasumbalesa wakawaweka watoto bweni upande wa Zambia ili wapate Kiingereza. Lakini mtoto wa miaka 6 anayefundishwa kusoma kwa lugha asiyoijua anajifunza mambo mawili kwa mara moja na kuogopa yote mawili. Nimemsikia mtoto akisoma aya nzima ya Kifaransa kwa sauti tamu kama mtangazaji, nikamuuliza inasema nini, akatazama dari. Sheria ya elimu ya 2014 yenyewe inaziruhusu lugha za taifa kuwa chombo cha kufundishia. Mwalimu anayeeleza kutoa na kujumlisha kwa Kiswahili chetu cha hapa, kisha akavuka nao hadi Kifaransa, hampotezei mtoto muda. Shule ikikuambia inamtoza mtoto faini kwa kusema lugha ya mama yake, uliza pesa hiyo inanunua nini, na uandike jibu pembeni ya namba ya kibali.

Umbali: ikiwa mtoto ataamka saa 10 na nusu usiku ili awahi basi la huko mjini, atalala darasani. Chagua ya karibu.

Limebaki jambo moja, na labda ungeanza nalo kama huna muda. Nje ya kila shule kuna mama anayeuza vitumbula. Amekaa hapo kabla ya lango kupakwa rangi. Anajua ni mwalimu gani hufika wa kwanza, ni nani hukopa, mtoto gani analia akiingia. Nunua vya franka za kutosha, keti kwenye kiti chake kidogo, mwite mama, mpe habari za kwako kwanza. Mimi nilipomaliza vitumbula 6 nilimuuliza mmoja kama angemweka mjukuu wake pale. Alifuta mikono kwenye kitambaa chake akasema, "Hapa balimu banabadilikaka sana, mama. Weye enda pale ku kona, ile masomo ya rangi ya zamani. Ule mwalimu wa tatu, batoto banamupendaka."

Nilikwenda. Ubao ulikuwa umepoteza herufi 2. Hakukuwa na kompyuta wala basi, na arete ya primeri ilitolewa kwenye sanduku la chuma pamoja na vyeti vya ubatizo. Mwalimu wa tatu alikuwa na miaka 9 hapo. Nilisimama dirishani mvua ikinyesha: alinyamaza kidogo, akachukua chaki, akaandika, akaanza kupita kati ya madawati.

Binti yangu mdogo alianza Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Alirudi saa 7 mchana na soksi nyekundu kwa vumbi, akakaa kwenye kizingiti, akaomba bukari iliyobaki. Nilimuuliza siku ilikuwaje, mwalimu amesema nini, wenzake ni akina nani. Alitafuna, akafikiri.

"Mama," akasema, "mulango ya choo inafungaka."